Baltimore ya 1971 dhidi ya Atlanta ya 1998: uchambuzi wa vikosi viwili vya warushaji kwenye besiboli ya kuigiza

Kisa chenyewe kiko hivi. Kwenye ligi ya besiboli ya kuigiza, yaani inayochezwa kwa programu ya kompyuta au kwa kadi na dadu kutokana na takwimu halisi za wachezaji, timu mbili hasimu zimefika fainali ya michezo 7. Sheria za ligi zinamruhusu kila meneja kuchukua kikosi kizima cha warushaji kutoka msimu mmoja halisi, kisha wapigaji na wadakaji (wanaozuia mpira uliopigwa) anawachagua mmoja mmoja kutoka miaka yoyote. Meneja wa kwanza amechukua warushaji wa Baltimore Orioles wa 1971. Wa pili amechukua wa Atlanta Braves wa 1998. Wapigaji na wadakaji wa pande zote mbili tuseme wana uwezo sawa, ili tubaki na swali moja: kikosi kipi cha warushaji ni bora, na kwa kiasi gani?

Ukiuliza haraka haraka, wengi watakujibu Baltimore. Mwaka 1971 warushaji wake wanne walishinda michezo 20 au zaidi kila mmoja, jambo ambalo kabla yao lilikuwa limefanywa na Chicago White Sox wa 1920 peke yao. ERA ya timu nzima, yaani wastani wa mikimbio halali (alama zisizotokana na makosa ya wadakaji) ambayo warushaji wanaruhusu kwa kila inningi 9, ambazo ni vipindi vya mchezo mmoja kamili, ilikuwa 2.99; ndogo ndiyo bora. Atlanta ya 1998 ilikuwa na 3.25. Kwa macho tu, Baltimore iko mbele.

Jibu hilo si sahihi. Kosa linaanzia kwenye kusoma takwimu za miaka miwili tofauti kana kwamba zimetoka kwenye uwanja mmoja, kisha programu inaweza kulibeba kosa hilo bila meneja kujua.

Takwimu za waanzaji

Waanzaji ni warushaji wanaoanza mchezo. Wanne wa kwanza hapa ni wa Baltimore, watano waliobaki ni wa Atlanta. Straiki tatu ni mpigaji kutolewa kwa straiki bila kuupeleka mpira uwanjani, besi ya bure ni mpigaji kupewa besi ya kwanza kwa mirusho minne mibovu, na homurani ni mpira uliopigwa ukavuka ukuta.

| Mrushaji | Mkono | Inningi | ERA | Straiki tatu | Besi za bure | Homurani |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Mike Cuellar | kushoto | 292⅓ | 3.08 | 124 | 78 | 30 |
| Pat Dobson | kulia | 282⅓ | 2.90 | 187 | 63 | 24 |
| Jim Palmer | kulia | 282 | 2.68 | 184 | 106 | 19 |
| Dave McNally | kushoto | 224⅓ | 2.89 | 91 | 58 | 24 |
| Greg Maddux | kulia | 251 | 2.22 | 204 | 45 | 13 |
| Tom Glavine | kushoto | 229⅓ | 2.47 | 157 | 74 | 13 |
| Denny Neagle | kushoto | 210⅓ | 3.55 | 165 | 60 | 25 |
| Kevin Millwood | kulia | 174⅓ | 4.08 | 163 | 56 | 18 |
| John Smoltz | kulia | 167⅔ | 2.90 | 173 | 44 | 10 |

Ukijumlisha wanne wa Baltimore unapata inningi 1081 na ERA ya 2.89. Watano wa Atlanta wana inningi 1032⅔ na ERA ya 2.97. Tofauti ni 0.08 tu, na ni kwa faida ya Baltimore. Meneja wa Baltimore akiishia hapa atalala usingizi mzuri.

Sasa angalia ligi zilizowazunguka. Ligi ya American ya 1971, iliyokuwa ya Baltimore, ilikuwa na ERA ya karibu 3.46. Ligi ya National ya 1998, iliyokuwa ya Atlanta, ilikuwa na karibu 4.23. Huo wa pili ulikuwa msimu ambao Mark McGwire alipiga homurani 70 na Sammy Sosa 66, wote wawili kwenye ligi hiyohiyo ambamo Maddux na wenzake walikuwa wakirusha. Gawanya ERA ya kila mrushaji kwa ERA ya ligi yake, na orodha inageuka kabisa: Maddux 0.52, Glavine 0.58, Smoltz 0.69, Palmer 0.77, McNally 0.84, Dobson 0.84, Neagle 0.84, Cuellar 0.89, Millwood 0.96.

Isome tena hiyo orodha. Mrushaji wa tatu wa Atlanta anamzidi mrushaji bora wa Baltimore. Neagle, ambaye ni wa nne, yuko sawa na McNally na Dobson. Ni Millwood peke yake anayebaki nyuma ya kila mtu, na hata huyo tutamrudia, kwa sababu ERA yake inaficha jambo.

Katika ulinganisho huu hatuna haja ya kurekebisha kwa ajili ya mpigaji mteule anayempigia mrushaji. Sheria hiyo iliingia Ligi ya American mwaka 1973, na Ligi ya National ya 1998 haikuwa nayo. Kwa hiyo pande zote mbili zilikutana na warushaji wenzao kwenye zamu za kupiga. Ukilinganisha kikosi cha Ligi ya American cha baada ya 1973 na cha National, lazima jambo hilo ulihesabu.

Kilicho mikononi mwa mrushaji mwenyewe

ERA inachanganya kazi ya mrushaji, kazi ya wadakaji na bahati. Kwa kuwa kwenye ligi hii wadakaji wamebadilishwa, tunahitaji vipimo ambavyo mrushaji anahama navyo: straiki tatu, besi za bure na homurani. Kanuni inayotumika sana ni hii: zidisha homurani kwa 13, besi za bure kwa 3, jumlisha, toa straiki tatu mara 2, kisha gawanya kwa inningi. Kwa kawaida huongezwa namba moja isiyobadilika ili jibu lifanane na ERA, lakini kwa kulinganisha tu haihitajiki. Namba ikiwa ndogo, au hasi, mrushaji ni bora. Waliogongwa na mpira nimewaacha. Idadi yao ni ndogo na haibadilishi mpangilio.

Matokeo ghafi: Smoltz −0.50, Maddux −0.41, Glavine 0.34, Millwood 0.44, Dobson 0.45, Palmer 0.70, Neagle 0.83, Cuellar 1.29, McNally 1.36.

Kuna mambo mawili hapa ambayo kila meneja ayashike. Kwanza, McNally, aliyeshinda 21 na kupoteza 5, ndiye wa mwisho. Straiki tatu 91 kwenye inningi 224 ni chache mno. Alitegemea mpira upigwe kuelekea kwa mtu, na nyuma yake walikuwepo Brooks Robinson, Mark Belanger, Davey Johnson na Paul Blair, wote wanne washindi wa Gold Glove, tuzo ya wadakaji bora, mwaka ule. Pili, Dobson anampita Palmer. Palmer alitoa besi za bure 106, Dobson 63, na straiki tatu zao zinakaribiana. Anayepanga waanzaji wa Baltimore kwa kufuata umaarufu wa majina atamweka Dobson wa tatu au wa nne, na hapo atakuwa amepoteza mchezo mmoja kabla fainali haijaanza.

Namba hizi ghafi bado hazijarekebishwa kwa enzi. Kwenye ligi kuu zote kwa pamoja, mwaka 1971 kila timu ilikuwa ikipata wastani wa straiki tatu 5.4 kwa mchezo, na homurani 0.74. Mwaka 1998 ilikuwa 6.6 na 1.04. Besi za bure hazikutofautiana sana, zaidi kidogo ya 3 kwa mchezo katika misimu yote miwili, kwa hiyo tuziache zilivyo.

Kwa kila inningi 9, waanzaji wa Baltimore walitoa straiki tatu 4.88, besi za bure 2.54 na homurani 0.81. Yaani straiki tatu zao zilikuwa chini ya wastani wa wakati wao, na homurani walizoruhusu zilikuwa juu ya wastani. Atlanta: straiki tatu 7.51, besi za bure 2.43, homurani 0.69. Straiki tatu juu ya wastani kwa asilimia kama 14, na homurani ni theluthi mbili ya wastani, katika enzi ya homurani nyingi.

Tuchukue mazingira ya katikati kwa ligi ya kuigiza: straiki tatu 6.0 na homurani 0.9 kwa mchezo. Baltimore inakuwa na straiki tatu 5.42 na homurani 0.99. Atlanta inakuwa na 6.83 na 0.60. Pitisha kwenye kanuni ileile na unapata 1.06 kwa Baltimore na 0.15 kwa Atlanta. Pengo ni mkimbio 0.9 kwa kila inningi 9. Sehemu kubwa ya pengo hilo inatoka kwenye homurani. Straiki tatu zinafuata. Besi za bure karibu hazichangii kitu. Kwa hiyo mabishano yote kuhusu udhibiti wa Maddux, yaani uwezo wake wa kupeleka mpira anakotaka, ingawa ni ya haki kwake binafsi, hayaelezi kwa nini kikosi kizima cha Atlanta kinashinda ulinganisho huu. Kinashinda kwa sababu mpira wao haukuvuka ukuta.

Wadakaji: athari ipo, lakini si pale wengi wanapoitafuta

Mashabiki wa Atlanta husema: Baltimore waliokolewa na wadakaji, waondoe na kikosi kitaanguka. Hoja hii ina ukweli nusu, na inafaa kupigiwa hesabu.

Chukua mipira iliyopigwa ikabaki uwanjani. Njia ya mkato: inningi mara 3 (kila inningi ina auti 3, yaani wapigaji au wakimbiaji watatu kutolewa), toa straiki tatu, ongeza hiti (mipigo inayomfikisha mpigaji kwenye besi) zisizo homurani. Baltimore: 3243 − 586 + 820 = mipira 3477, na hiti 820, sawa na 0.236. Atlanta: 3098 − 862 + 840 = mipira 3076, na hiti 840, sawa na 0.273. Njia hii inapunguza jibu kidogo kwa sababu auti mbili kwa mpira mmoja zinahesabiwa kama mipira miwili, lakini kosa ni lilelile pande zote.

Inaonekana Baltimore walibebwa zaidi. Ila wastani wa Ligi ya American ya 1971 ulikuwa kama 0.27, na wa National ya 1998 kama 0.30. Kila kikosi kiko chini ya ligi yake kwa karibu 0.03. Atlanta nao walikuwa na Andruw Jones katikati ya uwanja wa nyuma, aliyepata Gold Glove yake ya kwanza mwaka ule, na Maddux mwenyewe alikuwa mdakaji hodari kwenye nafasi yake.

Tuseme wadakaji wapya wa kawaida wanapandisha kiwango cha hiti kwa 0.024. Baltimore walikuwa na mipira 28.9 uwanjani kwa kila inningi 9, kwa hiyo wanaongezewa hiti 0.69. Hiti inayochukua nafasi ya auti ina thamani ya mkimbio kama 0.75, hivyo gharama ni mkimbio 0.52 kwa inningi 9. Atlanta walikuwa na mipira 26.8, gharama yao ni 0.48. Tofauti kati ya vikosi viwili ni 0.04. Kwa kikosi chochote kimoja hasara ni kubwa, lakini haibadilishi nani yuko mbele ya nani.

Linaloharibu matokeo ni kuhesabu wadakaji mara mbili. Programu ikitumia hiti halisi za Palmer bila kuondoa mchango wa Belanger, kisha ikampa meneja wa Baltimore nafasi ya kumchagua Belanger yuleyule kama mdakaji, kila mpira unaopigwa kuelekea kwake unamfaidi Palmer mara mbili. Kabla ya fainali, angalia kwenye mipangilio kama takwimu za mrushaji zimesafishwa kutokana na wadakaji. Kama hazijasafishwa, njia rahisi ya mkono ni kusogeza kiwango cha hiti cha kila mrushaji nusu ya njia kuelekea wastani wa ligi yake.

Hapo ndipo Millwood anapoonekana kwa sura nyingine. Kiwango chake cha hiti kwa hesabu ileile ni 0.304, wakati cha Maddux ni 0.255 na cha Glavine 0.262. Straiki tatu zake kwa kila inningi ziliwazidi wote wawili. ERA yake ya 4.08 inasema ni mwanzaji wa tano. Straiki tatu, besi za bure na homurani zake zinasema ni wa nne, mbele ya Neagle aliyeruhusu homurani 25.

Namna mchezo wenyewe unavyokoroga hesabu

Programu nyingi hukutanisha mpigaji na mrushaji kwa njia ya uwiano. Kila uwezekano hugawanywa kwa kinyume chake: 0.20 inakuwa 0.20 ÷ 0.80, yaani 0.25. Kisha uwiano wa mpigaji huzidishwa na wa mrushaji na kugawanywa kwa uwiano wa ligi. Njia nzuri, mradi wote watatu wametoka ligi moja.

Wakitoka ligi tofauti, njia sahihi ni kugawanya kila mmoja kwa ligi yake mwenyewe, kisha kuzidisha kwa mazingira ya ligi ya kuigiza. Mfano: mpigaji anayetolewa kwa straiki tatu mara 0.12 kwenye ligi ya 0.14, dhidi ya mrushaji wa 0.20 kutoka ligi ya 0.17, wote wakicheza kwenye mazingira ya 0.17. Njia sahihi inatoa 0.173. Njia ya mkato, inayogawanya kwa 0.17 peke yake, inatoa 0.143. Hiyo ni tofauti ya wapigaji 3 katika kila 100.

Zingatia hili, maana wachambuzi wengi hulikosea: timu nzima ya 1971 ikicheza na timu nzima ya 1998, kosa la njia ya mkato huwaangukia wote kwa kiasi kilekile. Warushaji wa 1971 wanakutana na wapigaji wa 1998, wa 1998 wanakutana na wapigaji wa 1971, na ukiandika hesabu zote mbili utaona ziada inayobaki ni moja. Mchezo utaonekana wa ajabu, labda homurani nyingi mno au straiki tatu chache mno, lakini hakuna upande unaopendelewa.

Kisa chetu si hicho. Hapa vikosi viwili vinakutana na wapigaji mchanganyiko wenye uwezo sawa, na kosa halifutiki. Njia ya mkato inampa mrushaji wa 1971 hiti chache na homurani chache ambazo ni mali ya enzi yake. Kabla ya kubishana kuhusu Palmer na Maddux, meneja wa Atlanta anapaswa kuhakikisha kwamba programu inasawazisha misimu. Kama haisawazishi, pengo la 0.9 linaweza kuyeyuka karibu lote kwenye safu ya hiti.

Kwenye kadi na dadu mambo ni tofauti kidogo. Strat-O-Matic, mchezo wa Hal Richman uliopo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, hutumia dadu moja kuchagua kadi: 1 hadi 3 unasoma kadi ya mpigaji, 4 hadi 6 kadi ya mrushaji. Kwa kuwa kila kadi inaamua nusu ya matokeo, kadi ya mrushaji kwenye mfumo kama huu hujengwa kwa takriban mara mbili ya kiwango chake ukitoa wastani wa msimu wake. Homurani za Baltimore: 2 × 0.81 − 0.74 = 0.88. Za Atlanta: 2 × 0.69 − 1.04 = 0.34. Pengo kwenye kadi ni 0.54, na kwa kuwa kadi husomwa nusu ya muda, pengo uwanjani ni 0.27. Bila marekebisho yoyote lingekuwa 0.12; kwa marekebisho kamili ni kama 0.4. Kadi hufanya karibu nusu ya kazi ya kusawazisha enzi, tena bila mtu kuziagiza. Nusu iliyobaki ni ya meneja wa ligi.

Mfumo huo una sakafu pia. Maddux aliruhusu homurani 0.47 kwa inningi 9. Mara mbili yake ukitoa 1.04 ni chini ya sifuri, na kadi haiwezi kuwa na homurani pungufu ya sifuri. Sehemu ya ubora wake inakatwa na karatasi.

Uchovu na zamu

Hapa ndipo Baltimore wanapata pumzi, na ni faida ya kweli.

Wale wanne walianza michezo 142 na kurusha kama inningi 7.6 kwa kila mmoja. Cuellar alikamilisha michezo 21 mwenyewe, Palmer 20, Dobson 18, McNally 11. Watano wa Atlanta walianza michezo 153 kwa wastani wa inningi 6.75. Yaani Baltimore wanahitaji inningi 1.4 tu za warushaji wa akiba kwa mchezo, na Atlanta 2.25.

Zaidi ya hapo, warushaji wa 1971 walizoea kupumzika siku 3. Chukua ratiba ya kawaida ya fainali: michezo 2, siku ya mapumziko, michezo 3, siku ya mapumziko, michezo 2. Mchezo wa kwanza ni siku ya 1, wa nne siku ya 5, wa saba siku ya 9. Mrushaji wa mapumziko ya siku 3 anaanza michezo yote hiyo mitatu. Wa pili anaanza mchezo wa 2 na wa 5, wa tatu anaanza wa 3 na wa 6. Baltimore inaweza kucheza fainali nzima kwa waanzaji watatu.

Atlanta, kwa mapumziko ya siku 4, wanahitaji wanne: Maddux mchezo wa 1 na wa 5, wa pili mchezo wa 2 na wa 6, wa tatu mchezo wa 3 na wa 7, na mmoja wa mchezo wa 4. Mwanzaji wa tano hana kazi, na ndiyo maana suala la Neagle au Millwood ni la mchezo mmoja tu.

Makosa hutokea pale mipangilio ya enzi moja inapolazimishwa kwa enzi nyingine. Meneja wa kompyuta aliyewekwa kwa mtindo wa 1998 atamtoa Cuellar inningi ya sita kwa sababu ya hiti mbili, na kuingiza mrushaji wa akiba ambaye mwaka 1971 alifanya kazi mara chache. Ukimweka kwa mtindo wa 1971, atamwacha Millwood aendelee hadi inningi ya nane akiwa amechoka tangu ya sita. Weka mtindo wa kila timu peke yake, na kiwango cha ustahimilivu kitokane na inningi kwa kila mchezo alioanza mrushaji, si na inningi za msimu. Ukitumia za msimu, Smoltz mwenye inningi 167⅔ ataonekana dhaifu wa pumzi, ilhali alianza michezo 26 tu na katika kila mmoja alikwenda mbali kama kawaida.

Kama ligi imeweka kikomo cha inningi za msimu halisi, Smoltz ndiye wa kulindwa. Meneja anayemtumia kwa zamu sawa na Maddux atakuwa hana Smoltz wakati fainali inaanza.

Warushaji wa akiba

Kwa Baltimore, Eddie Watt alikuwa na ERA ya 1.82, lakini kwa inningi zisizofika 40. Namba hiyo haitoshi kuaminiwa. Programu inayoichukua ilivyo inampa meneja mrushaji bora kuliko Maddux kwa makosa ya hesabu. Njia ya kawaida ya kutibu ni kuongeza kwenye takwimu zake wapigaji kama 200 wa kiwango cha wastani wa ligi kabla ya kujenga kadi. Atabaki mzuri, ila hatakuwa muujiza.

Kwa Atlanta, Kerry Ligtenberg alikuwa na sevu 30 (michezo aliyoimalizia akilinda ushindi), inningi 73, straiki tatu 79 na ERA ya 2.71. Huyo ni wa kuaminika. John Rocker, wa mkono wa kushoto, alirusha inningi 38 kwa ERA ya 2.13, mfanyie kama Watt. Hatari ni Mark Wohlers. Alikuwa amezoeleka kama mrushaji wa kumalizia, na 1998 alipoteza kabisa uwezo wa kuupata ukanda wa straiki, yaani eneo halali la kurushia mpira: besi za bure 33 kwenye inningi 20⅓, ERA 10.18. Programu zinazopanga majukumu kwa kuangalia kasi ya mpira au historia humweka amalizie inningi ya tisa. Mwondoe kwenye orodha kabisa, usimwache hata kama mtu wa mwisho, kwa sababu kwenye inningi ya 13 kompyuta itamwita.

Pengo lina thamani gani kwenye fainali

Mkimbio 0.9 kwa inningi 9, kwa inningi 7 za mwanzaji, ni mkimbio 0.7 kwa mchezo. Kwa kanuni ya kawaida ya mikimbio 10 kwa ushindi mmoja, Atlanta wana uwezekano wa kama 0.57 kwa mchezo. Kwenye fainali ya michezo 7 hiyo ni sawa na 0.65. Faida ya Baltimore ya waanzaji watatu na akiba isiyoguswa inashusha namba hiyo, na kwa maoni yangu inaishia karibu na 0.60. Atlanta ni bora, na bado Baltimore watachukua fainali 4 kati ya 10.

Kwa sababu hiyo, fainali moja haithibitishi chochote. Ukitaka kutofautisha timu ya 0.55 na ya 0.50 kwa uhakika wa maana, unahitaji michezo kama 400, kila mara wadakaji na wapigaji wakibaki walewale. Endesha 1000 kama programu inaruhusu. Ukikuta Atlanta wako chini ya 0.50, usianze kumlaumu Glavine, rudi kwenye mpangilio wa kusawazisha misimu.

Ushauri kwa meneja wa Baltimore: Dobson aanze mchezo wa 1, wa 4 na wa 7, Palmer wa 2 na wa 5, Cuellar wa 3 na wa 6, na McNally abaki akiba ya inningi ndefu. Cuellar na McNally wanakaribiana, ila Cuellar ana pumzi ndefu zaidi. Achague wadakaji wenye miguu na mikono kwanza, hasa kati ya besi ya pili na ya tatu, kisha ndipo atafute wapigaji.

Kwa meneja wa Atlanta: Maddux, Smoltz, Glavine, na Millwood mchezo wa 4. Neagle aingie kama akiba ya mkono wa kushoto kuanzia inningi ya sita siku ya Millwood. Kwa mpangilio huo, fainali ikifika mchezo wa saba, Glavine aliyepumzika siku 4 atasimama dhidi ya Dobson aliye kwenye mwanzo wake wa tatu ndani ya siku 9. Kama ligi inapunguza uwezo wa anayerusha kwa mapumziko ya siku 3, hata kidogo, meneja wa Baltimore ampe McNally mpira siku hiyo, amtoe mara tu mpigaji wa kwanza anapomrudia kwa mara ya tatu, na Watt amalizie.